Baba Mdogo Ametuomba Radhi kwa Isale, Sasa Anatabiri Tena Bei za Hisa

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla ya Jumapili inayofuata sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, maana siku hiyo ukoo wetu unakutana na baada ya hapo sitakuwa na la kuomba. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja mjini Moshi, nina miaka ishirini na saba, chuoni nilisoma takwimu, na nilidhani mtu aliyesoma takwimu hawezi kukwama mahali nilipokwama. Nyumbani ni Uru. Majina ya watu nimeyabadili, lakini wakisoma watajijua, na hilo nalo linanitisha.

Baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikuwa mtumishi wa serikali, na mafao yake yalipotoka mama alimalizia nyumba, kisha kilichobaki akanunulia hisa za benki moja katika soko la hisa la Dar es Salaam, akaziandikisha kwa jina lake, na hizo ndizo tunazozitegemea kumsomesha mdogo wangu Violet, ambaye yuko chuo cha uuguzi na mwezi wa kumi anaingia mwaka wa mwisho. Hatuna akiba nyingine. Tuna ng'ombe wawili wa maziwa na kahawa kidogo katikati ya migomba, lakini hivyo vinatulisha tu, na mshahara wangu unakatwa mkopo wa chuo hadi kinachobaki naona aibu kukitaja.

Aliyemshauri mama kununua hisa ni baba mdogo Fabian, mdogo wake marehemu baba. Naomba umwelewe kabla hujamhukumu, maana mimi nimemhukumu kwa muda mrefu na sijapata raha yoyote. Kwa miaka mingi alikuwa mpimaji wa kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika, na kila msimu, kabla ya mnada kuanza pale mjini, alipita mashambani akishika tawi hili na lile la mbuni, akihesabu matunda, akiuliza mvua ya huko Rombo na Hai imekuwaje, kisha anasema bei ya mwaka huu itapanda au itashuka, na watu walipeleka kahawa au waliiweka ndani kwa neno lake. Mara nyingi alipatia. Alipostaafu alinunua simu kubwa akaanza kufuatilia soko la hisa, na ukoo mzima pamoja na nusu ya jumuiya yetu ukahamisha imani ile ile kutoka kwenye tawi la mbuni kwenda kwenye simu, bila mtu hata mmoja kuuliza kama hizo ni kazi mbili tofauti, na mimi niliyesoma nilikaa pale nikinywa chai na sikuuliza.

Jina lake lilikua kabla ya Pasaka ya mwaka huu. Alisema hisa za benki yetu zitashuka kabla ya Pasaka, na kweli, wiki ile ile ya Matawi zikaanza kushuka, na hazijaacha kushuka hadi leo. Nje ya kanisa watu walimzunguka kama bwana harusi. Shangazi Monica alisema kwa sauti, "Mimi kuanzia leo Fabian akikohoa tu, nauza!" Watu wakacheka, yeye akajikohoza kwa makusudi, wakacheka tena. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa na daftari.

Daftari hili nililianza Juni ya mwaka jana. Kila mtabiri niliyemsikia, baba mdogo, mchambuzi mmoja wa redio, na jamaa mmoja anayetuma ujumbe kwenye makundi ya simu, niliandika siku aliyosema, maneno yake kama alivyoyasema, na siku ambayo jambo hilo lilitakiwa liwe limetokea. Ikifika siku hiyo naweka alama. Nilifanya hivyo kwa sababu nawajua binadamu, au tuseme najijua mimi, najua jinsi kichwa kinavyoshika kilichopatikana na kuangusha kilichokosekana. Na daftari likanionyesha kwamba kabla ya kusema Pasaka, baba mdogo alikuwa amesema kabla ya Krismasi, akasema tena kabla ya Januari kwisha, akasema tena kabla ya Jumatano ya Majivu, na mara zote tatu bei ilipanda. Watu waliomzunguka pale kanisani walikuwepo alipoyasema yote manne. Walibaki na moja.

Kwake peke yake nimeandika utabiri hamsini na tatu. Ishirini na moja haupimiki kabisa, ni maneno kama "kuna mtikisiko unakuja" au "hii kampuni ina nyota," ambayo hayana siku wala bei, kwa hiyo hayawezi kukosea. Thelathini na mbili unapimika. Kumi na nane kati ya huo aliutoa miezi ambayo soko zima lilikuwa linapanda, akapatia mara kumi na tatu, lakini miezi ile hata ng'ombe wetu angefundishwa kusema "itapanda" angepatia. Kumi na nne ni wa kipindi hiki cha kushuka, amepatia mara mbili. Siku moja nilirusha sarafu mara kumi na nne ofisini kwa walimu, ikapatia saba. Yule wa redio si afadhali sana, na wa kwenye simu ndiye mbaya kuliko wote, ila yeye anafuta ujumbe wake wa nyuma, kwa hiyo wengi hawajui.

Tangu Pasaka, kila mwezi baba mdogo amekuwa akisema bei imefika chini kabisa, ni wakati wa kununua. Mwezi wa tano nilimkuta anakamua ng'ombe, nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia, "Baba mdogo, mwezi wa nne ulisema imefika chini."

"Ilikuwa imefika chini, mwalimu."

"Lakini imeshuka tena."

"Basi ile ilikuwa chini ya mwezi wa nne. Hii ni chini ya mwezi wa tano." Akacheka, akanimiminia maziwa kwenye kikombe, nikayanywa. Naandika haya ili ujue kwamba si mtu mbaya. Si mwizi, hapati kamisheni kwa yeyote, na yeye ndiye aliyepoteza kuliko wote, amekonda hadi koti lake la kanisani linamning'inia. Angekuwa mwizi ningelala vizuri zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, wala padre.

Wiki ya pili baada ya Pasaka mama alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma hesabu za mambo haya. Shemeji Fabian anasema tuongeze, mimi naogopa, nilikuwa nafikiria kuuza. Niuze?" Na mimi, mshauri, mimi mwenye daftari, nilimjibu pale pale bila hata kuvuta pumzi, "Usiuze, mama. Kufikia mwisho wa mwezi wa sita zitakuwa zimerudi." Sijui niliyatoa wapi. Nadhani nilipenda jinsi alivyoniangalia. Aliposhuka jikoni niliandika utabiri wangu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa penseli, na tarehe, kama sheria yangu inavyosema. Mwezi wa sita uliisha na bei ilikuwa karibu nusu ya ile ya Pasaka. Nikachukua ufutio nikafuta. Nilifuta hadi karatasi ikawa nyembamba, ukiinyanyua unaona dirisha kwa upande wa pili.

Mama hajawahi kuniuliza. Na mwezi huu wa saba, Jumapili baada ya misa ya pili, baba mdogo Fabian alikuja nyumbani na shangazi Monica akiwa shahidi, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwa wasomaji ambao si wa huku, isale ni lile jani refu linalopandwa kwenye mipaka na kwenye makaburi, na Mchagga akikuletea jani hilo kuomba radhi huruhusiwi kulikataa, hata awe amekufanyia nini, na ukishalipokea jambo lile halitajwi tena. Alisimama mlangoni, akakataa kiti. Akasema, "Shemeji, nimekuja kwa ajili ya haya yaliyotupata sokoni. Marehemu kaka yangu angekuwepo angeniuliza. Kama kuna mtu ulimsikiliza ukabaki na hisa zile, basi mtu huyo ni mimi."

Si kweli. Mama alibaki nazo kwa sababu yangu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na sinia la vikombe. Mama alinitazama, mara moja tu, kisha akapokea lile jani kwa mikono miwili akasema, "Yamekwisha, shemeji. Aika mbe," yaani asante, kwa Kichagga. Shangazi Monica akajifuta macho. Na mimi nikapitisha chai.

Zikapita siku nane tu. Jumatatu ya wiki iliyofuata baba mdogo alirudi, safari hii amesimama wima, macho yanang'aa, akasema ameona jambo: kuna kiwanda kimoja cha saruji ambacho hisa zake zitapanda mara mbili kabla ya Krismasi, kwa hiyo mama na ukoo wote wauze kila hisa waliyo nayo, kwa bei hii ya sasa iliyolala chini, waweke fedha zote kule. Kikao cha ukoo kitaamua, na kesho yake, Jumatatu, watateremka pamoja mjini kwa dalali wa hisa.

Nilijaribu kusema. Nilisema kwa upole, "Baba mdogo, tungeangalia kwanza yale tuliyosema huko nyuma," na kabla sijamaliza kaka yangu wa ukoo, Filemon, aliyekuja naye, akanirukia, "Mwalimu, hilo daftari lako limeshamnunulia nani hata kilo ya sukari? Isale limepokelewa juzi, leo unafukua. Unataka laana iingie kwenye nyumba ya mama yako?" Na mama akasema, bila ukali, "Acha, mwanangu. Nilishalipokea." Baba mdogo aliangalia chini. Violet, ambaye yuko likizo na ambaye ndiye mwenye mwaka mmoja wa maisha yake ndani ya hisa hizo, aliinuka akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Mshauri, nikisimama kwenye kikao na daftari langu nitakuwa nimevunja isale, nitakuwa nimemvua nguo mzee aliyejishusha mbele ya mama yangu kwa kosa ambalo nusu yake ni langu, na inawezekana kabisa bado wasinisikilize. Nikinyamaza, mama ataweka sahihi siku ile ya Jumatatu, na saruji isipopanda Violet atarudi nyumbani akiwa amebakiza mwaka mmoja. Na kuna wazo la tatu ambalo ndilo linalonitafuna: vipi kama safari hii amepatia? Mara mbili kati ya kumi na nne si sifuri. Najikuta naomba asipatie, ili daftari langu liwe sahihi, kisha nakumbuka ninachoomba ni nini.

Niambie nifanye nini. Nieleze kwa ukali ukitaka.

Mwenye Daftari,
Uru, Moshi

*

MAMA KINDNESS ANAJIBU:

Mwalimu, pole kwa kumpoteza baba. Ukali umeuomba mwenyewe, kwa hiyo usinune.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia baba yako mdogo. Mara ya pili nilikukasirikia wewe, na hasira hiyo ndiyo iliyobaki.

Daftari lako ni kazi nzuri. Wasomaji wengi wa safu hii wamepoteza fedha mwaka huu kwa kuwasikiliza watu wa redio na wa simu, na ningependa kila mmoja wao aige sheria yako: utabiri usio na siku wala bei si utabiri, ni maongezi, na mtu asipimwe kwa siku moja aliyopatia bali kwa zote alizofungua mdomo. Hapo sina la kukusahihisha. Lakini wewe umemcheka yule jamaa wa kwenye simu anayefuta ujumbe wake wa nyuma. Ufutio wako una tofauti gani na kidole chake? Yeye anawaficha wateja. Wewe unamficha mama yako. Chukua kalamu ya wino, leo, andika tena ukurasa ule: tarehe, maneno, na matokeo. Usiongeze maelezo chini yake.

Sasa isale. Mimi ni mzaliwa wa Rombo, najua uzito wa jani hilo, na sitakuambia ulipuuze. Mama yako alifanya sawasawa kulipokea. Msamehe mzee, mwamkie, kula naye, asiwepo mtu wa nyumba yenu atakayemsema njiani. Ila mmechanganya vitu viwili, na nadhani ni nyinyi tu mngeweza kuvichanganya namna hiyo. Isale limeondoa kinyongo, halikumfanya ajue kesho bei itakuwa ngapi. Fundi akikuezekea nyumba ikavuja, akaja kwako na isale, utampokea. Je, kesho yake utampa na jiko aliezeke, kwa misumari ile ile, kwa sababu tu kukataa kutaonekana hujamsamehe? Baba mdogo Fabian mwenyewe, nadhani, ameelewa kwamba kusamehewa ni kuaminiwa upya. Zilipita siku nane tu. Mtu aliyepoteza sana anatafuta mahali pa kurudisha heshima yake haraka, na ukoo wenu umempa nafasi hiyo kwa fedha za Violet.

Lakini usisimame kwenye kikao na daftari. Nakukataza. Mzee wa umri ule akisomewa makosa yake mbele ya wadogo zake na watoto wake hatasikia hesabu, atasikia matusi, na Filemon atapata hotuba aliyokuwa anaitafuta. Isitoshe hutakuwa unasema kweli. Utakuwa unasoma ya kwake hamsini na tatu ili lako moja lisionekane.

Nenda kwa mama yako kwanza, wiki hii, mkiwa wawili, wala usichume jani lolote la isale. Wewe una tabia ya kupitisha chai wakati wa kusema. Safari hii sema: "Mama, ni mimi niliyekuambia usiuze. Nilikuwa sijui, nikasema kana kwamba najua. Baba mdogo alijibebesha kosa langu na mimi nikanyamaza." Usilie kabla hujamaliza sentensi, maana ukilia ataanza kukubembeleza na jambo litaishia hapo. Kuhusu yeye kutokukuuliza: alikutazama siku ile ya isale, umeandika mwenyewe. Anajua. Amekuwa akikusubiri.

Kisha nenda kwa baba yako mdogo, umwambie hayo hayo. Hapo ndipo utakapokuwa na haki ya kumwomba jambo. Mwombe aandike kwa mkono wake mwenyewe: hisa za saruji zitakuwa bei gani, kufikia tarehe gani, na zikishuka hadi wapi atakubali kwamba amekosea. Yeye ni mpimaji wa kahawa, mwambie hivyo, hakuwahi kupokea gunia bila kulipima. Akiandika, mtakuwa na kitu cha kuzungumza kama watu wazima. Akikataa kuandika, kukataa huko kutamtosha mama yako, na hutahitaji kueleza chochote.

Nije kwenye swali lako la kwamba huenda safari hii amepatia. Ndiyo, huenda. Mimi sijui, dalali hajui, wewe ndiye umeshathibitisha kwamba hujui. Ndiyo sababu fedha inayotakiwa chuoni mwezi wa kumi haipaswi kukaa juu ya neno la mtu yeyote, awe mpumbavu au mtaalamu. Na acha kuomba asipatie. Ukijikuta unataka mdogo wako akose ada ili hesabu zako zikae vizuri, funga daftari hilo umpe mtu mwingine alitunze mpaka Krismasi.

Hisa ziko kwa jina la mama yako. Kikao cha ukoo kinaweza kushauri, kinaweza kununa, lakini hakiwezi kuweka sahihi. Kwa hiyo mama na wewe mteremke mjini kwa dalali kabla ya kikao, si baada yake. Uzeni hisa zinazotosha ada ya Violet ya mwaka mzima pamoja na chakula na nauli yake, basi, na fedha hiyo ikalipwe chuoni moja kwa moja isipitie nyumbani, maana ikipita nyumbani Filemon ataiona. Kilichobaki mama akitafakari mwenyewe, abaki nacho au agawe, ila kisiende chote kwenye kampuni moja, na asikuulize wewe. Akikuuliza, jibu ni "sijui, mama." Fanya mazoezi ya kulisema. Kwa mtu wa aina yako ni gumu kuliko takwimu zote ulizofundishwa.

Mtauza kwa bei mbaya. Sitakudanganya hapo. Mtauza kwa karibu nusu ya kile ambacho mngepata siku ile mama alipokuja kukaa kitandani kwako, na inawezekana kabisa kwamba wiki mbili baadaye bei itapanda na ukoo mzima utakuja kukuonyesha kwenye simu. Hapo ndipo utakapotamani kurudi nyuma. Usirudi. Ile nusu iliyopotea haipo mahali fulani sokoni ikiwasubiri, imekwenda, kama alivyokwenda baba yako aliyeitafuta. Mama yako anahitaji kuambiwa hivyo na mtu anayempenda, kwa maneno mepesi, kabla ya kushika kalamu. Mwambie. Kisha mwende mkauze.